Bya kuoka bya chai ya asubui: mafuta kidogo, unapika posho (Jumamosi), unakula mpaka siku ya tano

Mama moja wa Bukavu, anaishi Panzi, kazi yake iko Nyawera, aliniuliza hivi: "Yaya, kila asubui saa kumi na mbili na nusu tuko tayari mu njia na batoto, sina nafasi ya kupika, njo kila siku nanunua benye (zile za kukaanga) kwa mama wa ku kona, kila mutu mbili na chai. Sasa baba watoto alipimwa, munganga akamwambia kolesteroli iko juu, apunguze mafuta. Nilijaribu keki za mafuta kidogo nilizoona ku intaneti, sikutia mafuta hata tone, zinapanda vizuri mu furu (oveni) kisha zinaanguka katikati, na kesho yake zinavutika sa kauchu. Kuko kitu gani ya kuoka naweza kupika posho tukala juma yote? Umeme wetu unaujua, leo iko kesho haiko. Na kadogo ketu, mwaka moja na nusu, naye ale nini?"

Mama, karibu. Nitakaa sana ku ile ya keki kuanguka, juu bamama bengi wa kwetu wanajiona hawajui kupika na kumbe shida iko kwingine kabisa.

Kwanza tupige hesabu ya benye, bila kumutukana mama wa ku kona, anatafutia batoto wake. Kitu ya kukaanga mu mafuta mengi inakunywa yale mafuta, na benye ao donati inaweza kufika gramu 20 ya mafuta mu gramu 100. Gramu moja ya mafuta inaleta kalori 9, ya unga ao sukari inaleta 4. Kwa hiyo mutu mwenye kula benye mbili za gramu hamsini hamsini amekula kalori 180 za mafuta peke yake, bado hatujagusa bunga, bado sukari ya ndani, bado chai. Mukate wa kawaida wa bulanjeri, ule mrefu ule, mafuta yake mara nyingi ni gramu 1 mpaka 3 mu gramu 100. Maana yake kama posho hii huna nguvu ya kuoka kitu, nunua paka mukate, upake marigarine nyembamba ao avoka, na umesha kupunguza sana bila kupika. Kroasa yenyewe usijidanganye eti ni mukate, ile ni bunga na siagi zimekunjwa pamoja, inashinda hata benye.

Lakini umeuliza kuoka, tuoke.

Kosa lenye kuko mu zile resepti za "bila mafuta hata tone" ni kwamba mafuta mu keki haiko kwa utamu tu. Bunga ya ngano ikikutana na maji na ukaikoroga, inatengeneza nyuzi nyuzi zinazoshikana, njo zile zinafanya mukate uvutike. Mafuta yanapaka zile chembe za bunga ili nyuzi zisiwe ndefu, njo keki inakuwa laini. Tena mafuta yanachelewesha keki kukauka. Ukiyatoa yote unabaki na mukate mutamu wenye sura ya keki, na kesho yake kauchu, vile uliona. Kwa hiyo mimi nasema punguza, usimalize. Resepti nyingi za keki ndogo kumi na mbili zinaomba mililita 120 ya mafuta, ile ni karibu gramu 110, gramu 9 kwa kila keki. Weka bijiko bikubwa 3 tu (kijiko kimoja ni karibu gramu 14) na mayai mawili, inakuja kama gramu 4 kwa keki moja. Umeshuka chini ya nusu na bado keki ni keki.

Na mafuta gani? Kwa baba watoto hii ina maana kuliko hata kipimo. Mafuta ya mawese, karibu nusu yake ni ile mafuta yenye kuganda, yenye kupandisha kolesteroli mbaya. Ya turnesole (alizeti) iko na kama kumi kwa mia tu, ya soya inazidi kidogo. Sisemi mawese ni sumu, ile nyekundu iko na vitamini A nyingi na sombe bila mawese sijui ni sombe gani, lakini mu keki tia turnesole ao soya. Na marigarine ngumu ya pakiti, soma nyuma yake, ukiona wameandika kwa Kifaransa mafuta "partiellement hydrogénée" rudisha ku etajere, hiyo njo mbaya kuliko zote.

Nafasi ya mafuta uliyotoa unaijaza na kitu yenye maji na uzito. Ndizi mbivu sana, zile zenye ganda limeanza kuwa nyeusi na muuzaji anakupunguzia bei, hizo njo za keki, tena zinaleta utamu wao kwa hiyo sukari inashuka. Boga ya kuchemsha na kuponda inafaa pia, lakini ichuje maji kwanza. Na mashanza (maziwa ya kuganda), mama, tunayo kwetu na tunakwenda kutafuta yaourt ya pakiti ya bei! Ile asidi ya mashanza inalegeza zile nyuzi za bunga, na ikikutana na bikarbonate inatoa hewa ya kupandisha keki. Goma wanaweza tumia kivuguto, ni kazi ile ile. Kisha toa sehemu ya bunga ya ngano uweke ya mtama, mtama hauna zile nyuzi kabisa, kwa hiyo kauchu inapungua na batoto wanapata kitu ya kukaa mu tumbo. Bunga ya soya nayo ni nzuri ila isipokuwa imetolewa mafuta iko nayo karibu gramu 20 kwa 100, na ya karanga inakaribia nusu, kwa hiyo hizo ni za kijiko kimoja bibili, si za gobole (kikombe kizima).

Sasa, kwa nini zinaanguka. Ni mulima, mama.

Ziwa Kivu lenyewe liko metre 1,460 juu ya bahari, na Bukavu inapanda kutoka pale, nyumba nyingi ziko 1,500 na zaidi. Goma njo vile vile. Huku hewa inakandamiza kidogo kuliko ku bahari, hata maji yanachemka karibu digri 95, hayafiki 100, njo maana maharagi yetu yanakula makala mingi. Wale wenye kuandika resepti wengi wao wako chini, karibu na bahari, vipimo vyao ni vya kule. Ukichukua levire yao (poda ya kupandisha keki) vile vile ukaileta Panzi, ile hewa ya ndani ya keki inapanuka kuliko walivyopanga, keki inakimbia juu haraka kabla mayai na unga havijakauka kuishikilia, kisha mifuko ya hewa inapasuka na katikati inashuka. Unafungua furu unalia. Hata bantu wa Lubumbashi, wako kama metre 1,200, wanaipata hiyo, ila kwao inakuja polepole.

Dawa yake iko hivi: kila kijiko kidogo cha levire ya keki (si ile ya mikate) wanachoandika, wewe toa robo yake. Ongeza majimaji, bijiko bikubwa 2 ao 3 kwa kila gobole ya bunga, juu huku maji yanakimbia haraka. Punguza sukari, juu sukari inachelewesha keki kukauka ndani, inaiacha laini muda mrefu na hapo njo inaanguka. Na ongeza moto ya furu kidogo, digri 10 ao 15 juu ya ile wameandika. Umeona? Ile sukari ulitaka kupunguza kwa afya, mulima nao unakuomba uipunguze. Huku kwetu keki yenye sukari kidogo inasimama vizuri kuliko ile ya sukari nyingi.

Bon, resepti yenyewe, ya keki ndogo 12 ao moja kubwa ya kukata, imeshapangwa kwa Bukavu kwa hiyo usiipunguze tena. Gramu 200 ya bunga ya ngano na gramu 80 ya bunga ya mtama, levire ya keki kijiko kidogo kimoja na nusu, bikarbonate robo kijiko kidogo, chumvi robo kijiko, na kama unapenda mudalasini, yote hiyo uchekeche pamoja mu beseni moja. Mu beseni ingine ponda ndizi mbivu gramu 300 hivi (tatu kubwa, ao zile ndogo ndogo zetu tano sita), ongeza mayai 2, mashanza mililita 180, sukari gramu 60, mafuta bijiko bikubwa 3, koroga hapa vizuri sana, piga mpaka uchoke, hapa haina shida. Shida ni pale unamwaga ya maji ndani ya ya bunga. Hapo chukua mwiko, sio mashine, geuza kutoka chini kuja juu mara kumi, kumi na tano, na ukisha kuona hakuna tena bunga kavu simama, ata kama iko na vidonge vidonge acha. Mutu anayekoroga mpaka inakuwa sawa sa buyi anajitengenezea kauchu mwenyewe. Jaza bikombe bya keki robo tatu, furu digri 195 yenye imesha pata moto, dakika 18 mpaka 22, choma na njiti, ikitoka safi toa.

Kama batoto wako ni wa chumvi si wa sukari, toa ndizi na sukari, weka karoti ya kukwangua na lengalenga iliyochemshwa kidogo na kukamuliwa mpaka maji yote itoke, ongeza mashanza mpaka unga ukae mzito sa ule wa ndizi, na fromaji ya Goma ya kukwangua gramu 40 tu kwa zote kumi na mbili. Ile fromaji ni ya mafuta, lakini iko na harufu yenye nguvu, kidogo inatosha. Mimi binafsi hii njo napenda kuliko ya ndizi.

Umeme haiko? Mbabula (jiko ya makala) iko. Chukua sufuria nzito, ile ya alminiumu ya kuyeyushwa, si ile nyepesi itatoboka. Tia ndani mchanga uliosha kuoshwa, kuchekechwa na kukaushwa kabisa, unene wa vidole viwili. Mchanga wenye maji utarukaruka na mvuke utaharibu keki. Funika, acha ku moto dakika 20. Kupima moto bila kipima joto, nyunyiza bunga kidogo ku kisahani cha alminiumu, weka ndani ufunike, nyuma ya dakika 5 ukikuta iko rangi ya dhahabu ni sawa, ikiwa nyeusi punguza makala, ikiwa bado nyeupe ngoja. Kisha weka keki juu ya mchanga, kifuniko, na juu ya kifuniko makala yenye moto. Hapa bantu wengi wanaweka makala yote chini kidogo juu, kumbe ni kinyume, nyingi ikae juu na chini ibaki kidogo, juu mchanga umesha beba moto wake na ukiongeza chini itaungua kitako na uso ubaki mweupe. Usifunue funue. Na hii fanya inje ao ku varanda, mama, hata kama mvua inanyesha, makala ndani ya nyumba iliyofungwa inatoa hewa isiyo na harufu na inaua bantu.

Kulinda juma yote. Acha keki zipoe kabisa juu ya kitu yenye matundu, saa moja na zaidi, ndipo ufunge. Ukifunga mu sashe zikiwa bado na uvuguvugu, maji yanajikusanya ndani na siku ya pili una kuvu, sana sana mu kipindi cha mvua, kuanzia mwezi wa tisa. Mezani mu boksi iliyofungwa zinakaa siku mbili, na keki ya mafuta kidogo inakauka haraka kuliko ingine kwa hiyo usiivute zaidi. Mu frigo, ile ya kawaida, usiweke! Bantu wanashangaa nikisema hivi, lakini ule ubaridi wa digri 4 njo unakausha mukate na keki haraka kuliko mezani. Ni ama mezani ama mu konjelateri (ile ya kugandisha). Mu konjelateri funga moja moja mu papié ya alminiumu, kisha zote mu sashe moja, toa hewa, zinakaa miezi miwili bila shida. Usiku mbele ya kulala toa zile za kesho, uweke ku meza na papié yake, asubui saa kumi na moja ziko laini. Umeme ikienda, konjelateri iliyojaa na haifunguliwi inaweza kushika baridi siku mbili, ile ya nusu siku moja, kwa hiyo ukiwa na nafasi tupu mu konjelateri jaza na chupa za maji. Ila kwenu, kama umeme inapotea siku tatu nne, usijenge juma yako juu ya konjelateri. Oka biskoti.

Biskoti hii nayo hawaisemi sana na njo jibu ya kweli kwa mutu asiye na frigo. Unatengeneza mukate wa levire ya mikate, gramu 500 ya bunga (robo yake iwe ya mtama ukipenda), sukari bijiko bikubwa 3, mafuta kijiko kikubwa kimoja tu, chumvi kijiko kidogo, levire kijiko kidogo kimoja na nusu, maji ya uvuguvugu kama mililita 300, ukanda mpaka iwe laini, iache ipande mara mbili, huku mulimani inapanda haraka kwa hiyo angalia ukubwa usiangalie saa. Oka, acha mpaka kesho yake, kata vipande unene wa kidole, panga mu furu ya moto mdogo digri 120 saa moja hivi ukigeuza mara moja, ao juu ya ule mchanga moto ukianza kufa, mpaka ukivunja kipande kinalia katikati pia, si pembeni tu. Maji yakisha toka kuvu haina pa kukaa, mu bati yenye kifuniko inakaa wiki kadhaa. Batoto wanachovya mu chai ao mu buyi ya masosoma (bunga ya mahindi, mtama na soya). Mafuta ni karibu hakuna. Na baba watoto anaweka vipande vine mu mfuko anakwenda nayo kazi, haichafui hata karatasi zake.

Kama batoto wakilia benye, unga ule wako wa benye, usukume, ukate, uoke mu furu moto digri 200 dakika 12 hivi, upake juu maziwa kidogo. Siyo benye ile ile, siwezi kukudanganya, lakini ikiwa bado moto wanakula.

Sukari ya chai nayo ihesabu, juu naona bantu wanapunguza mafuta mu keki kisha wanatia bijiko bitatu bya sukari mu kikombe, ile ni gramu 12 mpaka 15. OMS (shirika la afya ya dunia) inaomba sukari ya kuongeza isipite sehemu 10 kwa 100 ya kalori za siku, kwa mutu wa kalori 2,000 ni gramu 50 na chini yake ni bora. Vikombe viwili na keki ya dukani na umesha fika.

Na hapo njo nina neno juu ya zile biskwi za alimantasio zenye wameandika ku boksi "allégé" ao "pauvre en matières grasses". Kwa bitu bya kutoka Ulaya hayo maneno mawili yako na sheria. La pili maana yake mafuta hayapiti gramu 3 mu gramu 100, hapo sawa. La kwanza maana yake imepunguzwa angalau sehemu 30 kwa 100 kuliko biskwi zingine za aina ile, kwa hiyo biskwi iliyokuwa na gramu 24 sasa inaweza kubaki na karibu 17 na bado ni mafuta mengi, umelipa zaidi. Geuza boksi, soma ile tablo ya nyuma, angalia mstari wa mafuta na ule wa sukari pamoja, juu wakitoa mafuta mara nyingi wanarudisha sukari ili ile utamu isipotee.

Keki moja haitoshi kumushika mutoto mpaka saa sita. Ongeza yai la kuchemsha jana yake ao kikombe cha maziwa, na ndizi ao papai. Baba watoto naye, chakula itasaidia lakini kama munganga alimuandikia dawa asiache kwa sababu ya biskoti zangu, na arudi kupimwa siku aliyopewa.

Kadogo yeye, mama, umutoe kabisa mu hii hesabu. Mutoto asiyefika miaka miwili anahitaji mafuta, ubongo wake bado unajengwa, haya mambo ya mafuta kidogo ni ya bakubwa. Keki ya ndizi anaweza kula, ila yake ipakie avoka ya kuponda, nene, na maziwa yake yawe mazima, ao titi kama bado ananyonya.